Ulevi wa vijijini: Tunatafuta sababu, au tunatafuta wa kumlaumu?

NDUGU msomaji, kuna janaza tuliyoisalia hapa mtaani kwetu Igogo, Mwanza, ambayo mpaka leo haijatutoka vichwani. Marehemu alikuwa kijana wa miaka 24. Aliokotwa alfajiri kando ya reli, nguo zimelowa umande na kinywa kikinuka gongo. Mfukoni alikutwa na kiberiti, msokoto mmoja wa bangi na noti ya shilingi elfu mbili. Mama yake ni jirani yetu, anauza maandazi, na wengi wetu tumekula maandazi yake tangu kijana huyo akiwa mgongoni.

Kabla ya swala walijitokeza wazee wawili wakahoji kama inafaa kumsalia. Hoja yao ilikuwa fupi: amejiua mwenyewe, hakuna aliyemshika pua akamnywesha. Imamu hakubishana nao. Alisema mwenye shaka arudi nyuma, wengine wasogee mbele kujaza safu, kisha akatoa takbira. Tukasalia, tukazika, tukarudi. Lakini lile neno la wazee, kwamba hakuna aliyemshika pua, lilibaki mtaani. Wengine waliliona ni neno la ukatili. Wengine, nami nikiwemo, tuliliona ni neno gumu lakini lina ukweli ndani yake.

Wiki iliyofuata kamati ya msikiti iliteua watu watatu kutafuta chanzo cha balaa hili: fundi cherehani mmoja, mama mmoja muuguzi mstaafu, na mimi ambaye nilifundisha shule ya msingi kwa miaka mingi. Tulipewa daftari na nauli. Tulipoanza kuhesabu vijana wa mtaani tunaowajua kuwa wameshazama katika ulevi, tuligundua jambo ambalo hatukulitarajia. Sehemu kubwa yao hawakujifunzia Igogo. Walijifunzia vijijini na visiwani, kwenye makambi ya uvuvi, kisha wakaja nao mjini.

Anayeijua Igogo hatashangaa. Mtaa huu uliopanda juu ya majabali, reli na bandari zikiwa chini yake na ziwa mbele ya macho, umejengwa na watu waliotoka vijijini. Wamo Wasukuma, Wakerewe, Wakara, Wajita, Wazinza na Wahaya. Kila nyumba ina kijiji chake nyuma yake, na kila meli inayoshusha magunia ya dagaa inashusha pia kijana mmoja au wawili waliochoka na kambi. Kwa hiyo tulikubaliana kuwa kazi yetu haiwezi kuishia mlimani. Ilibidi twende hadi majini.

Lakini kwanza tuliuliza hapa hapa. Wazazi walisema ni makundi mabaya. Vijana wa kijiweni walisema ni ukosefu wa kazi. Mwenye baa alisema yeye anauza kwa leseni, na wanaoharibika ni wale wanaokwenda kwa mama wa gongo. Mama wa gongo tulimkuta. Ni mjane mwenye watoto wanne. Akatuambia gongo walikunywa mababu na wakazeeka vizuri, kinachowamaliza watoto wa siku hizi ni bangi. Mvuta bangi naye akasema bangi ni majani tu, muuaji ni unga. Na teja mmoja wa unga, mwenye adabu kuliko wote tuliowahoji, akatuambia kuwa yeye ni mtu mzima anajua anachokitumia. Wa kuhurumiwa ni watoto wanaonusa gundi.

Usiku ule nikalisoma daftari tangu mwanzo. Lilikuwa limejaa sababu, na kila sababu iliishia mlangoni kwa jirani. Hakuna mtu hata mmoja aliyesema: sababu ni mimi. Hata marehemu angekuwa hai tukamhoji, naamini naye angetaja jina la mwingine.

Nisieleweke kuwa nazidharau sababu walizozitaja. Nyingi ni za kweli. Mama muuguzi alitukalisha chini akatueleza namna mwili unavyotekwa. Kileo kikiingia mara kwa mara, ubongo hujirekebisha ili uweze kufanya kazi nacho, hivyo kiasi cha jana leo hakitoshi. Kikikosekana, mwili uliojirekebisha huachwa bila nguzo yake. Mtumiaji wa heroini hupatwa na arosto: mwili kuuma, kutapika, kuharisha, kukosa usingizi. Mlevi sugu wa pombe anayeacha ghafla anaweza kupata degedege na hata kufa. Bangi inapoanza utotoni, wakati ubongo bado unakomaa, huongeza hatari ya kuchanganyikiwa akili. Na gongo, kwa kuwa hutengenezwa gizani bila kipimo, inaweza kubeba sumu inayopofusha macho. Mtu aliyefika hapo halewi tena kwa starehe. Analewa ili aamke, avae, aende kazini.

Njia za kuletwa nazo zinajulikana. Heroini ya Afghanistan imekuwa ikivuka Bahari ya Hindi kwa majahazi hadi pwani yetu tangu miaka ya 1980, ikaanzia Zanzibar na Dar es Salaam, kisha ikapanda bara. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2015, ilitangaza kukamata zaidi ya tani 3 za heroini na methamfetamini kwa mkupuo. Bangi ina mashamba yake, na sisi wa Kanda ya Ziwa hatuna haja ya kwenda mbali, Tarime ipo jirani. Mirungi hutoka Same na Kenya. Na viroba, ile pombe ya kwenye vifuko iliyouzwa hadi kwenye maduka ya pembeni ya shule, vilipigwa marufuku nchini kuanzia Machi 1, 2017.

Hatua hizo ni za kheri. Lakini zina fundisho. Taliban walipopiga marufuku kilimo cha afyuni Aprili 2022, mashamba ya Afghanistan yalishuka kutoka hekta 233,000 mwaka huo hadi hekta 10,800 mwaka 2023, kwa hesabu za Umoja wa Mataifa. Ni punguzo la asilimia 95. Hata hivyo waliokuwa wamezoea hawakupona kwa tangazo. Hapa kwetu viroba vilitoweka, pombe ikahamia kwenye chupa, na gongo haikuwahi kuhitaji kifuko wala kiwanda. Ukiziba mfereji bila kuuliza ni nani mwenye kiu na kiu hiyo imetoka wapi, maji yatatafuta njia nyingine.

Basi tukaondoka kwenda kuiona kiu yenyewe. Tulipanda meli hadi Nansio, Ukerewe, na kutoka hapo mtumbwi wa injini hadi kisiwa kimoja kidogo ambacho sitakitaja. Hapa, ndugu msomaji, yafaa nikuambie jambo ambalo sikuwaambia wenzangu wa kamati wakati tunaondoka. Nina hisa katika chombo cha dagaa. Nilipostaafu nilichukua sehemu ya kiinua mgongo nikashirikiana na mtoto wa baba yangu mdogo, tukanunua mtumbwi, injini, nyavu na taa. Yeye anasimamia kambini, mimi niko Igogo. Kila mwezi ananitumia fedha na daftari la hesabu. Fedha hizo zimemsomesha binti yangu hadi chuo. Chombo chetu kiko kisiwa hicho hicho.

Asiyejua uvuvi wa dagaa aelewe kwanza. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Mbalamwezi ikishika, dagaa hawaifuati taa na vyombo hupumzika. Kwa hiyo maisha ya kambi yanakwenda na mwezi. Kuna siku za kukesha juu ya maji, baridi, mvua na mawimbi, kisha kuna siku za kukaa bure na fedha mfukoni, mahali ambapo hakuna maktaba, hakuna uwanja na wala hakuna mzazi. Siku za giza kileo ni cha kufukuza usingizi. Siku za mbalamwezi ni cha kuua muda. Hakuna siku katika mwezi ambayo haina kisingizio chake.

Tuliwakuta wavuvi wakianika nyavu. Nilimchagua mdogo kuliko wote. Alisema ana miaka kumi na saba, lakini miaka yangu ya darasani inaniambia hakuzidi kumi na tano. Alinisalimia shikamoo vizuri sana. Nikamuuliza alianza lini kuvuta. Akasema siku ya pili tangu afike kambini, na gongo wiki hiyo hiyo, imetiwa kwenye chai. Nikamuuliza ni nani aliyempa. Nilitarajia jina la rafiki muovu, ili nami niandike "makundi mabaya". Akanitazama kana kwamba nimeuliza nani aliyempa ugali.

"Hapewi mtu, mwalimu," akasema. "Ni posho ya chombo. Inaitwa joto."

Ndugu msomaji, neno hilo nalijua. Nimelisoma katika daftari la hesabu kila mwezi kwa miaka sita. Petroli, betri, sembe, sukari, majani ya chai, joto. Miaka sita nililipita kwa kalamu nikijumlisha. Kama nililifikiria hata mara moja, nilidhani ni kuni, au makoti. Siku moja mdogo wangu aliandika "unga" nikashtuka, nikampigia simu kuuliza, akacheka sana: "Kaka, ni sembe!" Nikaona nimefanya wajibu wangu wa kufuatilia. Neno la kushtua lilikuwa mstari wa chini yake.

Nikamuuliza nahodha kuhusu yule marehemu wetu. Akamkumbuka. Alivua hapo misimu miwili, lakini katika chombo cha tajiri mwingine. Nilishusha pumzi. Kisha nikaona haya kwa kushusha pumzi, maana nikamuuliza tena kama chombo hicho nacho kilikuwa na joto. Akasema hakuna chombo kisicho na joto.

Hapo ndipo swali la wale wazee wawili liliponirudia kwa sura nyingine. Wao walisema hakuna aliyemshika pua. Je, ni kweli? Na ikiwa kuna mkono mwingine ulioshiriki, je, unamwondolea yeye dhambi yake?

Tuanze na jambo ambalo mafakihi walilijadili karne nyingi zilizopita. Mtu akilewa, akamtaliki mkewe, je, talaka inapita? Mahanafi, Wamaliki, na kauli mashuhuri ya Mashafii wanasema inapita, kwa kuwa aliiondoa akili yake kwa hiari, basi hawezi kuitumia hali aliyojitia mwenyewe kama ngao. Sayyidna Uthman (ra) alikuwa na rai kuwa haipiti, na baadaye Ibn Taymiyya akaishika rai hiyo, kwa kuwa asiyejua anachokisema hana nia. Tofauti ni kubwa. Lakini pande zote mbili zinakubaliana juu ya mmoja: aliyeleweshwa bila kujua, au kwa kulazimishwa, huyo hashikwi kwa talaka ile. Hata Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani aliyeishi zaidi ya miaka 300 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (as), alipita njia inayofanana. Alitaja kwamba zilikuwepo sheria zilizomwadhibu mlevi maradufu, kwa kuwa alikuwa na uwezo wa kutolewa. Akafananisha na mtu aliyerusha jiwe: hawezi kulirudisha, lakini kulirusha kulikuwa mikononi mwake.

Sasa mtazame yule mtoto wa kambini. Jiwe lilikuwa mikononi mwa nani? Chai ililetwa na mkubwa wake, usiku, juu ya maji ambako hakuna pa kwenda. Kuikataa ni kukataa posho, na anayekataa posho anatiliwa shaka kama atamaliza usiku. Kikombe cha kwanza hakikuwa chake. Cha mia, pengine mwili ulishamwamulia. Katikati hapo, cha kumi au cha ishirini, ndipo palikuwa na nafasi yake ya kuchagua, na siwezi kusema haikuwepo. Vijana wengine walirudi makwao. Wapo waliomwaga chai pembeni ya mtumbwi gizani. Kusema kwamba hakuwa na hiari kabisa ni kumvunjia heshima, ni kumfanya kama kifaa. Na akiwa kifaa, hata toba yake haina maana, maana anayetubu ni yule aliyeweza kutenda vinginevyo.

Kwa hiyo wazee wetu walikuwa na haki kwa kiasi. Walipokosea ni pale walipodhani kuwa lawama ni mkate, kwamba ukimkatia marehemu kipande kikubwa, sisi wengine tunabakiwa na makombo. Na wenzao waliowapinga walikosea kosa hilo hilo kwa upande wa pili. Walidhani wakitulaumu sisi jamii, basi marehemu anabaki mweupe. Qur'an inatufundisha, katika Suratul An'aam aya ya 164, kuwa hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nyingine. Na katika Suratun Nahl aya ya 25 inatueleza kuwa wapotoshaji watabeba mizigo yao yote, na sehemu ya mizigo ya wale waliowapoteza bila ya elimu. Aliyepotezwa anabeba wake, na aliyempoteza analimbikiziwa. Mzigo haugawanyiki kama faida ya dagaa.

Tazama pia hadithi iliyopokewa na Tirmidhi na Ibn Maja kuhusu pombe. Wametajwa watu kumi: anayekamua, anayekamuliwa, anayekunywa, anayebeba, anayebebewa, anayenywesha, anayeuza, anayekula thamani yake, anayenunua na anayenunuliwa. Hebu tuhesabu. Mnywaji ni mmoja kati ya kumi. Sisi mijini tunapozungumzia ulevi wa vijijini tunamwona huyo mmoja tu, kwa sababu ndiye anayeyumba barabarani. Wale tisa wanatembea sawasawa. Wengine wamevaa kanzu zilizopigwa pasi na wanasimama safu ya mbele. Nilijitafuta katika orodha hiyo na sikuhitaji kutafuta kwa muda mrefu. Mimi ni anayenunua. Nilinunua kwa fedha ya chombo changu, nikawanunulia watoto wa watu, kisha nikala samaki waliopatikana kwa kukesha kwao.

Utasema, mwalimu, umejitwisha usilolijua; hukunia. Nami nilijitetea hivyo usiku kucha kule kisiwani. Lakini kuna kutojua kwa aina mbili. Kuna kutojua kwa mtu aliyefichwa, na kuna kutojua kwa mtu ambaye hakuuliza kwa kuwa jumla ya chini ilimfurahisha. Nilipoona "unga" niliuliza kwa sababu neno hilo lingeniletea polisi. Nilipoona "joto" sikuuliza kwa sababu lingeniletea hasara. Nadhani Mola wangu anaijua tofauti hiyo kuliko ninavyoijua mimi.

Na hili si langu peke yangu. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Hubert Sauper iliyoitwa Darwin's Nightmare, iliyopigwa hapa hapa Mwanza. Ndani yake walionekana watoto wa mitaani wakiyeyusha vifungashio vya samaki na kunusa moshi wake ili walale. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilalamikia hadharani, na mji wetu ukawaka kwa mjadala: mtengenezaji ametutukana, ametia chumvi, ametuharibia soko la sangara. Inawezekana yapo aliyoyatia chumvi. Lakini nakumbuka vizuri kuwa katika vijiwe vyote nilivyokaa mwaka ule, hatukuuliza hata siku moja wale watoto wako wapi. Tulishughulikia aibu ya picha, aibu ya jambo lenyewe ikabaki mtaani.

Sasa, ikiwa kujua sababu hakumwondolei mtu lawama, kwa nini tutafute sababu? Mmoja wa wale wazee aliniuliza hivyo niliporudi, tena kwa nia njema. Nilimjibu kwamba tunachanganya maswali mawili. Swali la kwanza ni nani mwenye kosa. Hilo linatazama nyuma, na hukumu yake ya mwisho haiko mikononi mwetu. Swali la pili ni nani anayeweza kufanya jambo kesho asubuhi. Hilo linatazama mbele, na majibu yake mara nyingi ni tofauti na ya kwanza. Yule mtoto akiwa ameshatekwa na mwili wake, yeye ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kukata mnyororo huu. Tajiri wa chombo anaweza kuukata kwa kufuta mstari mmoja. Serikali nayo ina sehemu yake. Tiba ya methadoni ilianza Muhimbili mwaka 2011, na leo inapatikana hata hapa Mwanza, hospitali ya Sekou Toure. Lakini dawa hiyo ni ya watumiaji wa heroini na jamii yake, na kwa kawaida mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Haimsaidii mlevi wa gongo wala mvuta bangi. Na hata angekuwa ni teja wa unga, aliye kisiwani, ambaye nauli ya kuja na kurudi inazidi ujira wake wa usiku, dawa hiyo kwake ni kama haipo.

Mpaka hapo nimezungumzia sisi tusiolewa. Je, yule aliyelewa tumtazameje? Katika Sahihi Bukhari imesimuliwa habari ya mtu wa zama za Mtume (saw) aliyekuwa akimchekesha Mtume, na akiadhibiwa mara kwa mara kwa ulevi. Siku moja mtu mmoja akamlaani kwa wingi wa kuletwa kwake. Mtume (saw) akamkataza, akamshuhudilia kuwa mlevi yule anampenda Allah na Mtume wake. Zingatia, ndugu msomaji. Adhabu haikufutwa. Kosa halikuitwa jina jingine. Lakini hakutolewa katika udugu. Wanachuoni wametueleza kuwa laana ya jumla juu ya kitendo haimaanishi umlaani fulani kwa jina lake. Wale wazee wawili walikuwa na hukumu ya jumla, wakaishusha juu ya jeneza la mtoto wa jirani yao.

Nimalizie kwa yaliyotokea baadaye, nisije nikaonekana nimeandika ya watu. Nilimwambia mdogo wangu afute joto, aweke badala yake makoti ya mvua, maziwa na maandazi. Akanionya, "Kaka, watahama." Wawili wakahama, wakaenda chombo cha pili ambacho joto lipo. Mwezi ule tulivua pungufu, na mwezi uliofuata pia. Kwa upande wa fedha za miaka sita, bado sijui nifanye nini nazo. Nimwombe radhi nani, wakati majina ya waliopita kwenye chombo hicho hayakuwahi kuandikwa, yameandikwa makoroboi na sembe? Nimeanza kuweka sehemu ya kila mwezi pembeni. Haitoshi, na sijidanganyi kwamba inatosha.

Yule kijana mdogo nilimkaribisha Igogo. Nilimwambia aje akae kwangu, tumtafutie ufundi, na mama muuguzi amfuatilie afya yake. Alifikiri kwa muda, akiitazama mikono yake iliyokuwa ikitetemeka mchana kweupe. Kisha akauliza swali ambalo hatukuwa na safu yake katika daftari letu.

"Shukrani, mwalimu. Na nikija huko, usiku nisipolala, nani atakaa na mimi?"

Nililipeleka swali hilo kwenye kamati kama lilivyo. Fundi cherehani amesema ana chumba. Mama muuguzi amesema yeye atachukua wiki ya kwanza. Tunatafuta wa wiki ya pili, na ya tatu, na zitakazofuata. Yule mzee aliyekataa kusogea mbele siku ya janaza alinifuata baada ya Isha akaniuliza, bila kunitazama usoni, kama mtu wa umri wake anaweza kuandikwa.

Nimemwandika. Nafasi zilizobaki bado ni nyingi.

Wallahu aalam.